Umm Salal: Kumtambua mapema kijana anayefikiria kujiua

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 walijiua duniani kote mwaka 2021. Miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulishika nafasi ya tatu katika orodha ya sababu za vifo. Nyuma ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo wazazi wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kuchelewa: mara nyingi kijana hutoa ishara kabla ya kuifikia hatua hiyo. Kwa familia za Afrika Mashariki ambazo riziki imezifikisha Umm Salal, kaskazini ya Doha, mji mkuu wa Qatar, kuzisoma ishara hizo kuna ugumu wa namna yake.

Umm Salal ni manispaa inayopakana na Doha kwa upande wa kaskazini. Wageni huifahamu kwa minara ya kale ya Barzan na kwa soko lake kuu. Pamoja na wenyeji, wanaishi humo wafanyakazi wa kigeni, na Waafrika Mashariki wamo miongoni mwao. Wapo walinzi wa majengo, madereva, wauguzi, wafanyakazi wa nyumbani na wachache wenye vyeo maofisini.

Hali ya watu hao haifanani. Wenye kipato cha kutosha huruhusiwa kuishi na wake, waume na watoto wao. Walio wengi hawafikii kiwango hicho, na watoto wao hubaki Mombasa, Kakamega, Tanga au Kampala, wakilelewa na bibi, shangazi au ndugu mkubwa. Kwa hiyo kuna wazazi wa aina mbili: anayelala nyumba moja na kijana wake, na anayemlea kijana wake kwa simu. Wote wawili wanahitaji elimu ileile, ingawa kila mmoja ataitumia kwa njia yake.

Uzito wa aina mbili

WHO inaeleza kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Nusu ya maradhi ya akili yanayowasumbua watu wazima huanza kabla ya kutimiza miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki nyingi, ni mojawapo. Hata hivyo, si kila kijana mwenye sonona hufikiria kujiua, na si kila anayefikiria kujiua ana maradhi yanayojulikana. Mambo hujumuika: kuonewa shuleni, kipigo cha nyumbani, kudhalilishwa kimwili, kuvunjika kwa mapenzi, kufeli mtihani, mimba isiyotarajiwa, au kifo cha mtu wa karibu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, alieleza mwaka 2005 kwamba hisia mbili zikikutana humweka mtu katika hatari ya kutamani kufa. Ya kwanza ni kujiona mzigo kwa wanaompenda. Ya pili ni kujiona hana pake, kwamba hakuna jamii anayohesabiwa kuwa mmoja wao. Maelezo hayo yanawagusa watoto wa wasafiri kwa karibu sana.

Kijana aliyeachwa nyumbani husikia kila mara kwamba mama yake anateseka Uarabuni ili yeye asome. Neno hilo husemwa kwa nia njema, kumhimiza. Lakini kijana aliyepata alama mbaya, au aliyefukuzwa shule, huligeuza moyoni: mama anateseka kwa sababu yangu, na mimi nimemwangusha. Kutoka hapo hadi kudhani kwamba bila yeye mama angepumzika si safari ndefu.

Naye kijana anayekulia Umm Salal ana uzito wake. Ana pasi ya nchi ambayo pengine ameitembelea mara mbili tu. Kibali chake cha kuishi Qatar hufuata kazi ya mzazi wake. Kazi ikikatika, familia nzima hufunga mizigo. Marafiki wa shuleni huondoka kila mwaka kwa sababu hiyohiyo. Nyumbani anaambiwa yeye ni Mswahili, na akienda likizo kwao anaambiwa yeye ni mtoto wa Uarabuni. Wapo wengi wanaolimudu jambo hilo vyema, lakini kwa kijana aliyekwisha kuelemewa linaweza kuwa jiwe la ziada.

Ishara katika maneno

Ishara ya kwanza na ya wazi ni maneno. Baadhi ya vijana husema bila kuficha kwamba wanataka kufa. Wengine huzunguka. Husema kwamba wamechoka na kila kitu, kwamba laiti wangelala wasiamke, kwamba watu watapumzika watakapokuwa hawapo, au kwamba hakuna haja ya kuwalipia ada ya muhula ujao. Wapo wanaoyaweka maneno hayo katika mitandao ya jamii, kwenye ujumbe mfupi unaotoweka baada ya siku moja, au katika daftari la shule.

Imani iliyoenea ni kwamba anayetangaza kujiua hajiui, kwamba anatafuta tu kuonewa huruma. Imani hiyo si sahihi. Wengi waliojiua walikuwa wamemdokezea mtu mapema. Kwa hiyo kauli ya namna hiyo haipokelewi kwa kicheko, wala kwa karipio, wala kwa kunyamaza.

Ishara katika mwenendo

Ishara ya pili ni mabadiliko ya tabia. Kijana aliyekuwa mchangamfu hujitenga. Aliyependa mpira huacha kwenda uwanjani. Usingizi hupotea, au huzidi hata mchana kutwa. Chakula humshinda, au hula bila kipimo. Alama za darasani hushuka ghafla. Kwa wavulana, huzuni aghalabu huvaa sura ya hasira: ugomvi, ulevi, kuendesha pikipiki au gari kwa kasi kana kwamba maisha hayana thamani.

Katika jamii za Afrika Mashariki mwili nao husema badala ya mdomo. Kijana hulalamikia kichwa, tumbo, kifua kubana au moyo kwenda mbio, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu. Akiulizwa sana husema tu kwamba anawaza sana. Maneno hayo mawili hupuuzwa kwa sababu ni ya kawaida, na ilhali ndiyo lugha ambayo wengi hutumia kuelezea maradhi ya moyo.

Ishara zinazotaka hatua ya haraka zaidi ni hizi: kijana anapogawa vitu vyake anavyovithamini, anapoaga ndugu na marafiki bila safari, anapoandika maneno ya wasia, anapojijeruhi kwa makusudi, au anapotafuta njia ya kujidhuru. Aliyewahi kujaribu kujiua yumo katika hatari kubwa kuliko wengine. Na kuna ishara moja inayowahadaa wengi: kijana aliyekuwa na huzuni nzito kwa muda mrefu anatulia ghafla, kana kwamba mzigo umeshuka. Huenda amepata nafuu. Huenda pia amekwisha kukata shauri. Utulivu wa namna hiyo huulizwa, haushangiliwi tu.

Kumlea kijana kwa simu

Mzazi aliyeko mbali haoni sahani iliyorudi na chakula, wala taa inayowaka usiku wa manane. Anacho kitu kimoja: sauti. Qatar na Afrika Mashariki zinatumia saa moja, hivyo saa kumi na moja jioni Umm Salal ni saa kumi na moja jioni Nairobi na Dar es Salaam pia. Hiyo ni nafasi njema, ila siku za mapumziko hazilingani. Qatar hupumzika Ijumaa, wakati mtoto wa Afrika Mashariki yuko darasani. Na Jumapili, mtoto anapokuwa huru, mzazi ameanza wiki ya kazi. Sheria ya Qatar ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, na kwa wengi hiyo ndiyo siku ya mazungumzo marefu.

Mazungumzo mengi ya simu huanza na ada na kuishia kwenye ada. Mzazi anayetaka kumjua mwanawe huacha hesabu za fedha kwa wakati mwingine, akauliza juu ya marafiki, usingizi, na jambo lililomuudhi juma hilo. Kijana anayejibu kwa neno mojamoja kwa wiki kadhaa, asiyepokea simu tena, au ambaye kila mara huambiwa mzazi kwamba amelala, anastahili kufuatiliwa.

Mzazi wa mbali pia huhitaji jicho la pili. Mlezi aliyeko nyumbani ni wa kwanza, lakini asiwe peke yake, kwa sababu huenda ndiye chanzo cha dhiki ya kijana. Mwalimu wa darasa, matroni wa bweni, imamu, mchungaji au jirani wa kuaminika anaweza kuombwa namba yake ya simu mapema, kabla ya tatizo kutokea. Kwa wanafunzi wa shule za bweni, ambako simu za mkononi aghalabu hazitakiwi, njia hiyo huwa karibu ya pekee.

Namna ya kuuliza

Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba kulitaja jambo la kujiua ni kumtia kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba sivyo. Kuuliza kwa upole hakumpi mtu wazo la kufa. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Mama anaweza kusema: "Mwanangu, siku hizi naisikia sauti yako imechoka. Wakati mwingine mtu akilemewa hufikiria kufa. Wewe umewahi kufikiria hivyo?" Kijana akijibu, "Ndiyo, mama," jibu linalomfaa ni fupi: "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Sikukasirikii. Tutalibeba pamoja." Baada ya hapo husikilizwa zaidi kuliko kuhutubiwa. Huulizwa kama ameshafikiria namna na wakati, kwa sababu mwenye mpango huhitaji msaada saa hiyohiyo.

Yapo maneno yanayofunga mlango. Kumwambia kijana kwamba wenzake wana shida kubwa kuliko zake, kwamba ni mtovu wa shukrani, kwamba ataitia aibu familia, au kwamba imani yake ni dhaifu, kunamfundisha kuficha. Vilevile haifai kumwahidi kwamba siri yake haitaambiwa mtu yeyote. Anaweza kuahidiwa jambo jingine: kwamba hakuna atakayeambiwa bila ulazima, na kwamba atahusishwa katika kila hatua.

Dini na matibabu

Umm Salal ni mahali pa misikiti mingi, na Uislamu unakataza kujiua, kama zinavyokataza dini nyingine wanazofuata Waafrika Mashariki. Katazo hilo huwazuia wengi na huwapa nguvu. Lakini kijana mgonjwa akiambiwa adhabu pekee, hubaki na maradhi yake na huongezewa hofu.

Historia ya Kiislamu yenyewe haikutenganisha dua na tiba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kumpeleka kijana kwa daktari, basi, si kuikimbia dini. Imamu au mchungaji anayefahamu hilo huwa msaada mkubwa, kwa sababu familia humsikiliza.

Mahali pa kupata msaada

Kwa wanaoishi Qatar, hatari ikiwa ya papo hapo, yaani kijana amejidhuru au yuko karibu kujidhuru, namba ya kupiga ni 999, nayo huleta gari la wagonjwa. Asiachwe peke yake hata kwa dakika chache.

Kama hatari si ya papo hapo, upo msaada wa simu wa kitaifa wa afya ya akili, ulioanzishwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona, unaopatikana kwa namba 16000. Wahudumu wake husikiliza, hupima uzito wa hali na kumwelekeza mtu panapofaa. Kituo cha afya cha msingi cha Umm Salal nacho ni mlango wa kuingilia: daktari wa hapo anaweza kumwandikia kijana barua ya kwenda kwa wataalamu. Shirika la Hospitali la Hamad lina huduma ya afya ya akili, na hospitali ya Sidra Medicine, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, ina huduma ya watoto na vijana.

Mzazi asiyemudu Kiarabu wala Kiingereza afuatane na mtu mzima anayemwamini ili amfasirie. Haifai kijana mwenyewe kuwa mkalimani wa maradhi yake.

Kwa vijana waliobaki Afrika Mashariki, namba 116 ni ya watoto nchini Kenya, Tanzania na Uganda, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe. Kenya ina pia namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na shirika la Befrienders Kenya linalopokea simu kwa +254 722 178 177. Namba fupi kama 116 na 1199 ni za kupigwa ndani ya nchi. Mzazi aliyeko Qatar amwombe ndugu aliyeko nyumbani apige, au atumie namba ndefu. Hospitali za rufaa za magonjwa ya akili, kama Mathari mjini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu mjini Zanzibar na Butabika mjini Kampala, hupokea wagonjwa, ingawa hospitali ya wilaya iliyo karibu ndiyo hatua ya kwanza inayofikika upesi.

Hofu ya sheria

Baadhi ya familia huficha jambo kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo haikuzuka bure. Sheria ya Adhabu ya Qatar ya mwaka 2004 ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Sheria za Afrika Mashariki zilikuwa na kifungu kama hicho tangu zama za ukoloni, ingawa Uingereza yenyewe ilikifuta chake mwaka 1961. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilitoa kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka tarehe 9 Januari 2025, pale Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kinakwenda kinyume cha katiba. Kesi hiyo ilifunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na wengine.

Kwa mzazi wa Umm Salal, jambo la kushika ni hili: mawazo si jaribio. Kijana anayesema anafikiria kufa ni mgonjwa anayetafuta tiba. Qatar ilipitisha mwaka 2016 sheria ya afya ya akili inayolinda haki za mgonjwa, ikiwemo siri yake. Kwa hiyo hofu ya sheria ni sababu ya kuwahi kwa daktari, si sababu ya kungoja.

Nyumbani, baada ya msaada

Hatua moja ambayo familia inaweza kuichukua siku hiyohiyo ni kuondoa au kufungia dawa, sumu na vitu vingine vinavyoweza kutumiwa kujidhuru. Tamaa ya kufa mara nyingi huja kwa wimbi na kupita. Kijana akikosa njia katika saa hizo, wengi hubaki hai na hawarudii.

Hatua ya pili ni karatasi moja ambayo kijana huiandika pamoja na mshauri nasaha au mzazi. Huandika dalili zinazomwonyesha kwamba hali inageuka, mambo yanayomtuliza, watu watatu wa kuwapigia, na namba za msaada. Mzazi aliyeko mbali awe na nakala kwenye simu yake.

Hatua ya tatu ni kuendelea kumfuata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ni za hatari. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha watu 1,867 waliowahi kujaribu kujiua nchini Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipewa pia mazungumzo mafupi ya elimu, kisha wahudumu wakawapigia simu au kuwatembelea mara tisa katika muda wa miezi 18. Vifo vya kujiua katika kundi hilo la pili vilikuwa vichache mno kuliko katika lile la kwanza.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa wanaolea kwa simu. Kazi ya daktari haifanywi na mzazi, wala simu haichukui nafasi ya matibabu. Lakini simu ya siku iliyoahidiwa, inayopigwa saa iliyoahidiwa, isiyouliza juu ya alama za mtihani, humthibitishia kijana kwamba si mzigo na kwamba ana pake. Mzazi aliyeko Umm Salal anaweza kuipiga leo jioni.